Upole wa Kinu cha Kioo

Fundi mzoefu wa maabara, kabla hajazigusa seli, hushughulika kwanza na barafu. Hukizika kinu cha kioo ndani yake pamoja na mchi wake, akapanga mirija, akaiacha mashine ya kuzungushia ipoe hadi nyuzi 4. Hapo tena ndipo seli hutiwa kinuni zikiwa katika maji ya sukari, na mchi ukaanza kushuka. Hauharakishwi, wala hauinuliwi juu ya maji, kwani hewa ikiingia huleta povu, na povu huharibu protini. Baada ya mapigo machache huchukua tone moja, akalitia rangi ya buluu na kulitazama kwa hadubini. Seli iliyopasuka huinywa rangi, iliyo nzima huikataa. Anachotaka ni utando wa nje uwe umepasuka na kiini kingali kizima. Akizidisha mapigo kidogo tu, kiini nacho hupasuka, DNA ikamwagika, mchanganyiko ukavutika kama mlenda, na kazi ya siku nzima ikawa imeharibika.

Taabu yote hiyo ni kwa ajili ya kitu kidogo mno. Fosfati ikibandikwa kwenye protini huiongezea uzito wa daltoni 80 hivi, lakini hiyo yatosha kuiamsha protini au kuilaza. Edmond Fischer na Edwin Krebs walilionyesha jambo hilo huko Seattle katikati ya miaka ya 1950, kwa kimeng'enya cha misuli kinachovunja glaikojeni, na mwaka 1992 wakatunukiwa Nobel. Ila fosfati haifanyi kazi ile ile kila inapokuwa. Protini iitwayo ERK ikishabandikwa fosfati zake mbili na kubaki nje ya kiini, ina shughuli zake huko. Ikiingia kiinini na fosfati zile zile, inakwenda kuamrisha jeni, na seli yaweza kuanza kugawanyika. Kujua kwamba ERK ina fosfati, bila kujua ilikuwa wapi, ni kujua nusu ya habari.

Waliotangulia walilielewa hili. Albert Claude, Mbelgiji aliyefanya kazi New York katika Taasisi ya Rockefeller, ndiye aliyeonyesha kwamba seli iliyosagwa kwa upole na kuzungushwa kwa hatua hujipanga yenyewe: viini hutua kwanza, mitokondria hufuata, na vilivyo vidogo zaidi hungoja mzunguko mkali. Mwaka 1949 huko Louvain, Christian de Duve alisaga ini la panya kwa upole wa namna hiyo, akapima kimeng'enya kinachobandua fosfati, akashangaa kukikuta kidogo mno. Sampuli zikakaa kwenye friji siku kadhaa, akapima tena, kikawa kimeongezeka. Kumbe kilikuwa kimefungiwa ndani ya vifuko vidogo, na vifuko vilipochakaa kikatoka. Hivyo ndivyo lisosomu zilivyoanza kujulikana. Angezisaga seli zile kwa pupa, vifuko vyote vingepasuka siku ya kwanza, na asingekuwa na la kumshangaza.

Mimi nilirithishwa adabu hii na mzee mmoja aliyekuwa fundi wa maabara. Siku hizo dawa ya kuzuia fosfati zisibanduliwe hatukuinunua, tuliitengeneza. Unga wa vanadati uliyeyushwa majini, ukarekebishwa hadi pH 10, maji yakageuka manjano. Yakachemshwa hadi yasiwe na rangi yoyote, yakapozwa, yakapimwa tena. Manjano yakirudi, unaanza upya. Rangi ile ni ishara kwamba molekuli zimeshikana, na zikishikana hazifanyi kazi yake. Kijana mwenye haraka angeona tone la manjano akasema yatosha. Mzee alikuwa akisema kwa sauti ya chini, “Mwanangu, irudishe motoni.” Nami nairudisha, kwa kuwa nilishaona anavyoirudisha yeye mwenyewe, bila kusimamiwa na mtu.

Leo seli humwagiwa sabuni kali inayoyeyusha kila kitu kwa pamoja, kiini, mitokondria na tando zote, kisha mashine ya kupimia uzito wa molekuli ikatoa orodha ya maelfu ya fosfati kwa siku moja. Mashine hiyo ni neema, siibezi. Kinachoniuma ni kuona orodha ndefu kiasi hicho isiyosema hata fosfati moja ilikuwa chumba gani. Hata wanaotenganisha, wengi hununua kisanduku chenye chupa tatu, wakafuata maelekezo, wasipime kama histoni imebaki kiinini na tubulini imebaki nje. Lebo ya mrija husema “kiini”, nao wanaiamini lebo.

Maelekezo ya kisanduku hayawezi kumwambia mtu mkono wake ulegee kiasi gani. Hilo hufundishwa kwa kuketi kando ya anayejua, miezi na miezi, na wanaojua wanastaafu huku vijana wakidaiwa matokeo kabla hawajajifunza kushika mchi. Ufundi huu ukikosa mrithi utazikwa na wenyewe, na tutabaki na orodha zinazozidi kurefuka za fosfati zisizojulikana zilikuwa wapi.