Taharuki na Upelelezi: Istilahi Mbili Zisizofaa Kuchanganywa

Imekuwa desturi kwa wengi wetu kuiita kila riwaya yenye maiti ndani yake "riwaya ya upelelezi". Jina hilo laifaa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), ambamo Bwana Msa humsaka mwuaji na msomaji husaka pamoja naye. Kwa maoni yetu haliifai Rebecca, riwaya ya Mwingereza Daphne du Maurier iliyotoka mwaka 1938.

Humo, msichana asiyetajwa jina aolewa na mgane, Maxim de Winter, na kupelekwa Manderley, nyumba ambayo bado yatawaliwa na sifa za marehemu Rebecca. Watu huamini kuwa bibi huyo alikufa maji. Kwa sehemu kubwa ya kitabu hakuna mpelelezi. Kuna mke anayemwonea wivu maiti, na mtumishi, Bi Danvers, anayeuchochea wivu huo. Mume anapokiri kuwa ndiye aliyempiga Rebecca risasi, swali la upelelezi limekwisha jibiwa kabla hakimu hajaliuliza. Hata hivyo moyo wa msomaji wazidi kudunda. Haulizi tena nani aliyeua, bali kama atagunduliwa. Na kwa aibu yake mwenyewe, aomba asigunduliwe.

Hapo ndipo penye ubora wa riwaya hii, na ndipo penye doa lake: Rebecca hana nafasi ya kujitetea, na mshitaki wake mkuu ni yule yule aliyemwua.

Kwa hali hiyo ya moyo twapendekeza istilahi "taharuki". Neno hili ni ndugu wa "haraka", kwani yote mawili yatoka katika shina moja la Kiarabu linalohusu mwendo. Lakini mwendo huu ni wa moyo, si wa matukio.

Mfasiri naye ajihadhari. "Kuua kwa kukusudia" ni lugha ya mahakama. Asimtilie Maxim kinywani. "Nilimwua" latosha, ili hukumu ibaki kwa msomaji. Tena, asiandike "aliuawa" juu ya jalada. Mhakiki hana budi kuifichua siri. Mfasiri amekabidhiwa aitunze.