Chanda Chema na Pete ya Mwingine

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Methali hii twaifundisha kila mwaka, lakini ni nadra kuuliza itakuwaje iwapo chanda kimoja kitafanya kazi na pete ikavikwa kingine. Swali hilo limetujia tulipolinganisha maisha ya wanawake wawili: Carole King, mtunzi na mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1942, na Zoë Bell wa New Zealand, aliyezaliwa mwaka 1978, ambaye kazi yake ilikuwa kupigana, kuruka na kuanguka mbele ya kamera badala ya waigizaji mashuhuri.

Wote wawili walianzia nyuma ya pazia. King alitunga lahani, na mumewe wa wakati huo, Gerry Goffin, akatunga maneno. Kundi la Shirelles liliimba "Will You Love Me Tomorrow" mwaka 1960; Aretha Franklin akaimba "A Natural Woman" mwaka 1967. Naye Bell, aliyejifunza jimnastiki na taekwondo tangu ujana wake, alikuwa mwili wa Lucy Lawless katika michezo ya televisheni ya Xena, kisha wa Uma Thurman katika sehemu mbili za filamu ya Kill Bill (2003 na 2004). Uso tuliousifu ulikuwa wa Thurman. Mifupa iliyohatarishwa ilikuwa ya Bell.

Hatimaye wote walijitokeza. Katika santuri ya Tapestry ya mwaka 1971, King aliziimba mwenyewe nyimbo hizo mbili. Sauti yake haina nguvu za Aretha, wala haijaribu kushindana naye. Twamsikia kama mtu anayesoma barua aliyoiandika kwa mkono wake. Mwaka uliofuata alipata tuzo nne za Grammy. Bell naye, katika filamu ya Death Proof ya mwaka 2007, alicheza kwa jina na uso wake, akiwa amelala juu ya boneti ya gari linalokwenda kasi. Mazungumzo ya filamu hiyo, kwa maoni yetu, ni marefu kupita kiasi. Lakini pale kwenye boneti kamera haina haja ya kumficha mtu, na hofu ya mtazamaji ni hofu ya kweli.

Hata hivyo, hali zao si sawa. Wimbo unaweza kurudishwa na mwenyewe akauimba upya. Anguko halirudishwi: litabaki milele chini ya uso wa mwingine. Kwa hiyo malipo ya heshima aliyobakiwa nayo mtu wa kazi ya Bell ni kutajwa jina. Tuzo ya Oscar ya wimbo ilianza na filamu za mwaka 1934. Ya wabunifu wa michezo ya hatari ilitangazwa mwaka 2025, na itahusu filamu za mwaka 2027. Ni zaidi ya miaka tisini ya kungoja.

Nasi walimu tusiwanyoshee wengine kidole. Mara ngapi tumesikiliza taarabu pamoja na wanafunzi, tukamtaja mwimbaji, tukamsahau malenga aliyetunga shairi? Hapana budi tuwazoeze vijana wetu kuuliza, kabla ya kusifu kazi yoyote: chanda ni cha nani?