Namna ya Kulipima Bamba la Nakshi Kabla ya Kulinunua

Msomaji wa Kapsoit, aliyezoea kumwona karani wa kituo cha chai akitia mkono kikapuni na kuyakataa majani magumu hata kama kikapu kimefurika, hatastaajabu nikimwambia kuwa bamba la shaba lililochongwa kwa kufuata picha ya tukio la kihistoria nalo hupimwa kwa mkono na jicho, wala si kwa sifa za aliyeichora picha yenyewe. Msanii auzapo bamba, aghalabu huwa amekwisha kulichapisha mara nyingi, na kila lilipopita mtamboni, na kila kitambaa kilipofuta wino, shaba imeliwa kidogo. Basi anachokuuzia hasa ni umri uliosalia.

Lipeleke dirishani, ulilaze hata mwanga upite kwa ubavu, kisha usianze na vivuli vizito, maana humo mifereji ilichimbwa kwa kina na huchelewa kuchakaa. Tazama mbingu na mashavu ya watu, palipo na mistari myembamba kama nywele: ikiwa imefifia, au imekatikakatika, thamani imekwisha kuondoka.

Kisha tambua mistari ilivyotiwa: kalamu ya chuma ya kuchongea huacha mstari unaoanza mwembamba, ukanenepa, kisha ukaisha kwa ncha. Tindikali, waliyoitumia pia wasanii wa Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, George Lilanga akiwa miongoni mwao, huacha mstari wa unene mmoja wenye mwisho butu. Ukizikuta namna zote mbili pamoja usidhani ni hila, kwani William Woollett, ambaye chapa yake ya kifo cha Jenerali Wolfe, kwa picha ya Benjamin West, ilitoka mwaka 1776, alikuwa hodari wa kuzichanganya.

La kuhadhari ni bamba lililochongwa upya. Mabamba ya William Hogarth, baada ya mjane wake kufariki mwaka 1789, yalimfikia mchapishaji John Boydell, na baadaye mchongaji James Heath akayatia kalamu tena. Chapa zilizofuata ni nyeusi za kuvutia, walakini, kwa jicho langu, nyuso zimekakamaa.

Angalia pia kama pana mkwaruzo uliokatiza picha yote, kwani hiyo ndiyo alama ya bamba lililobatilishwa ili lisichapishwe tena. Halafu mtake muuzaji achape karatasi moja mbele yako, uilinganishe na chapa ya awali, na haki ya kuchapisha iandikwe katika mapatano. Akikataa, mlipe bei ya shaba kwa kilo, wala usizidishe.