Mama Msokota Usumba

Nazi ikishafuliwa, mwenyewe huondoka nayo na makumbi hubaki kando ya kifuo. Wengi wetu tukiyatazama tunaona kuni tu. Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, kama Jambiani na Paje, wapo akina mama ambao wakiyatazama huona kamba. Toka kumbi mpaka kamba ni kazi ya miezi, na leo nataka kuisifu kazi hiyo pamoja na mikono inayoifanya.

Huanzia ufukweni, maji yakiwa yamekupwa. Mama huchimba shimo pale ambapo bahari hupanda na kushuka, akayapanga makumbi humo, kisha akayagandamiza kwa mawe ili mawimbi yasiyachukue. Hapo husubiri. Miezi mitatu, minne, pengine sita na zaidi, maji ya chumvi na vijidudu vya matopeni hula kile kinachozishikanisha nyuzi, na nyuzi zenyewe zikabaki salama. Akifukua mapema, kumbi bado ni gumu na nyuzi hukatika. Mama mmoja wa huko ninayemwita Bimkubwa hana kalenda wala kipimo. Hulibonyeza kumbi kwa kidole gumba, akalinusa, akajua. Harufu ni ya yai viza, naye huipokea bila kukunja uso, kwa kuwa ndiyo habari aliyokuwa akiingoja.

Halafu huja kazi ya nguvu. Kumbi huwekwa juu ya jiwe likapigwa kwa gongo, likageuzwa, likapigwa tena, hadi unga wote wa kahawia utoke na zibaki nyuzi tupu. Huo ndio usumba. Huoshwa, hukung'utwa na kuanikwa juani.

Lakini ufundi wenyewe uko kwenye kusokota. Bimkubwa huchukua mafungu mawili membamba ya usumba, akayalaza sambamba katikati ya viganja, akasukuma kiganja kimoja juu ya kingine. Kila fungu hujisokota peke yake. Akilegeza kidogo, mafungu hayo huzongana na kuwa kamba moja, kwa msokoto unaoelekea upande mwingine. Fungu likitaka kufunguka huku, kamba hulikaza kule. Kwa kuzuiana huko kamba haiachii. Nyuzi nazo ni fupi, nyingi hazizidi shibiri, kwa hiyo kila baada ya misukumo michache lazima aongeze nyingine. Vitazame vidole vyake hapo. Huongeza kabla fungu halijapungua, na kamwe haongezi mafungu yote mawili mahali pamoja. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba, na yeye husokota hivi ili hapo pembamba pasipatikane. Ipitishe kamba yake baina ya vidole, pima baada ya pima, huwezi kugundua uzi mmoja ulipoishia na mwingine ulipoanzia.

Kamba hiyo hustahimili maji ya chumvi na hunyumbuka inapovutwa kwa ghafla, ndiyo maana mabaharia wa kale waliitegemea. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kiitwacho Periplus kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani yetu. Mitepe ya Lamu, iliyodumu hadi karne ya 20 ilipoanza, mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba, bila msumari. Nchi kavu, kamba hizo zimefunga mapaa ya makuti na kuwamba vitanda vya vizazi na vizazi.

Siku hizi nailoni imejaa madukani, na tangu kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara Unguja mwaka 1989, wanawake wengi wa pwani hiyo walihamia mwanini. Bimkubwa hakuuacha usumba. Husokota wali ukiwa jikoni, husokota akizungumza na wageni barazani. Kwa kamba hizo amenunua sare na madaftari, amelipa ada ya chuoni, na zamu ya upatu haijapata kumpita bila mchango wake. Majirani huja kumuuliza habari za mashimo yao, naye huinuka akaenda nao pwani bila kudai kitu.

Nilichokipenda zaidi ni namna anavyofundisha. Binti yake mdogo alisokota kamba legelege, nene hapa, nyembamba pale. Bimkubwa hakumkemea. Aliifungua yote, akamrudishia usumba mkononi.

"Anza tena, mwanangu. Sawazisha kwanza, mbio baadaye."

"Haya, mama," binti akajibu, akaketi upya. Sikuona machozi wala manung'uniko, kwani huyo mtoto amemwona mama yake mwenyewe akifumua pima nzima kwa kasoro ambayo mnunuzi asingeiona.

Kwangu mimi, mama huyu ni fundi sawa na seremala wa mashua na mchonga milango ya Mji Mkongwe, na anastahili heshima ileile. Basi ukikuta kamba ya usumba inauzwa, usianze kwa kuishusha bei. Ivute, ikague, kisha mlipe mama alichokitaja. Ndani yake mna miezi ya bahari na mikono isiyokubali kasoro.