Vidole Kumi na Ukingo Ulionyooka

Kangemi, mtaa wa Nairobi, ina kanisa lenye jina la seremala. Ni lile la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, alilolitembelea Papa Francis tarehe 27 Novemba 2015. Si mbali na hapo, kando ya Waiyaki Way, mafundi wa jua kali huunda vitanda, makabati na meza huku matatu zikipita. Wapita njia husifu vanishi. Mimi husifu ukingo, pale ubao mmoja unapokutana na mwenzake na mwanga ukakosa pa kupenya.

Ukingo huo huzaliwa kwenye jointa. Mashine hii ina meza mbili, na kati yake ngoma yenye visu. Meza ya kupokelea lazima ilingane na ncha ya kisu kinapofika juu kabisa. Ikishuka hata kidogo, mkia wa ubao hudondokea visu na kuliwa. Ikipanda, ubao hugota. Fundi makini hukagua hilo kwa rula ya chuma, umeme ukiwa umechomolewa, kisha huondoa milimita moja tu au chini yake kila mara. Upande uliobonyea huulaza chini ili ubao usiyumbe, na nyuzi za mbao ziteremke kuelekea mkia, visu vizilaze badala ya kuzing'oa.

Mtazame mikono. Kichwa cha ubao kikishavuka visu, uzito wa mikono yake huhamia meza ya pili, na kinachosukuma ni kisukumio cha mbao, si kiganja. Akiendelea kukandamiza upande wa kuingizia, ubao utatoka na kombo lile lile, na vidole vyake vitakuwa jirani na visu. Ndiyo maana naamini kwamba kulinda mkono na kunyoosha ubao ni ujuzi mmoja. Kipande kifupi kuliko sentimita 30 hakipitishi kabisa. Hukinyoosha kwa randa ya mkono.

Kuna hila moja ninayoipenda sana. Anayeunga mbao mbili za meza hupitisha ya kwanza uso wake wa juu ukiegemea mwongozo, yaani ukuta wa pembeni wa jointa, na ya pili uso wa juu ukitazama nje. Mwongozo ukiwa umekosea digrii 90 kidogo, kosa la ubao huu hufidiwa na la ule, na meza hutoka bapa.

Rauta, mashine ya kuchonga kingo na mifereji kwa biti inayozunguka, ni ndogo kuliko jointa lakini ina hasira zaidi. Ukiishika mkononi, zunguka ukingo wa nje wa ubao kinyume cha mwendo wa saa. Ukienda upande mwingine, biti hujivuta yenyewe na kukutoroka. Anza na ncha za ubao, kisha pande ndefu, ili pembe zikimeguka mkato unaofuata uzifute. Biti pana hutaka kasi ndogo, na mfereji wa kina huchimbwa kwa awamu. Jijini kwetu pana hatari nyingine: stima ikipotea kazini, zima swichi papo hapo. Ikirudi ghafla huku rauta imelazwa mezani swichi ikiwa bado imewashwa, itaruka peke yake.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe. Hata hivyo kinga huondolewa, na mara nyingi sababu ni haraka: mteja anataka kitanda Ijumaa, na kinga inaonekana kuchelewesha kazi. Hapo sisi wanunuzi tuna sehemu yetu. Ukienda kununua meza, iname, mulika chini yake kwa tochi ya simu, ufuate maungio kwa kidole. Palipopigwa lipu ya unga wa mbao na gundi, uliza kwa nini. Ukiagiza mpya, mwongezee fundi siku mbili tatu, apate nafasi ya kurudisha kinga juu ya visu na kupitisha ubao mara moja zaidi.