Krosi Atapiga Nani?

Dirisha kubwa la usajili likifungwa, mashabiki wa Tanzania huwa tumeshachoka kabla ligi haijaanza. Tumekesha na simu tukisubiri klabu imtambulishe straika mpya, tumebishana vijiweni nani kamwaga wino na nani kagoma kusaini, na kesho yake kila mtu anatoa hukumu. Wale wamelamba dume, hawa wamepigwa. Hukumu hizo karibu zote zinaangalia majina yaliyoingia. Wapo watu wachache wanaoanzia upande wa pili, kwenye majina yaliyotoka, na hao ndio ninaotaka kuwasifia hapa. Mkoa ulionifanya niwathamini ni Mara.

Musoma si mji wa kusajili kwa kelele. Biashara United, ambayo wengi pale bado wanaikumbuka kama Polisi Mara, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018, ligi ilipoongezwa hadi timu 20. Ilipanda pamoja na KMC, JKT Tanzania, Coastal Union, Alliance na African Lyon. Haina bilionea wala kiwanda nyuma yake. Ina Uwanja wa Karume, ina ziwa, ina mpaka wa Sirari upande mmoja na barabara ndefu kuliko zote upande mwingine. Jina la utani ni Wanajeshi wa Mpakani, na ukitazama orodha zake za miaka ile utaona mpaka kweli ulitumika: makocha Wakenya, kipa Mganda James Ssetuba, na katikati yao vijana wa hapa hapa nchini ambao Kariakoo ilikuwa bado haijawasikia.

Klabu ya namna hii inasajili tofauti na Simba au Yanga. Timu kubwa ikikosea straika, inaleta mwingine dirisha dogo na yule wa kwanza anapelekwa kwa mkopo, mambo yanaisha. Timu ndogo ikikosea inakaa na kosa lake msimu mzima, tena inalilipa mshahara. Kwa hiyo inatafuta mchezaji huru aliyemaliza mkataba, anayetafuta pa kufufukia. Inatafuta kijana wa mkopo ambaye kwao hapati dakika. Inamtafuta kiraka, yule anayecheza beki ya kulia leo na namba sita Jumamosi ijayo bila kununa. Inatazama ndondo, inatazama Umisseta, na kabla ya mambo ya chenga inauliza habari za goti. Kutoka Musoma kwenda Ruangwa kucheza na Namungo unaikata nchi nzima kutoka kona hadi kona, na Mbeya nayo haiko jirani. Mchezaji ambaye mgongo wake hauwezi basi hakufai, hata kama ana mguu wa dhahabu.

Kuna mwalimu mstaafu wa hesabu pale Bunda ambaye kwangu ndiye msomaji bora wa usajili niliyewahi kukaa naye. Anatazama mechi bandani kama wengine, ila yeye ana daftari la kawaida la mistari, lile la shule, na penseli iliyofungwa kamba. Timu zikipangwa anaandika. Mtu akitolewa anaandika dakika. Mwisho wa msimu anajumlisha, na hapo ndipo kazi yake inapoanza, wakati sisi wengine tumeshahamia kwenye tetesi.

"Shikamoo mwalimu. Mwaka huu Biashara wamesajili vizuri?"

"Marahaba. Kwanza niambie wamepoteza dakika ngapi."

Hesabu yake ni hii. Msimu wa 2020/21 ligi ilikuwa na timu 18, kila moja ikicheza mechi 34. Dakika 90 mara 34 ni 3,060 kwa nafasi moja uwanjani. Mara wachezaji 11, timu nzima ina dakika 33,660 za kugawana. Sasa waondoke wachezaji watano, kila mmoja aliyecheza dakika 2,000. Ni 10,000, karibu theluthi ya timu nzima. Wakiondoka wanane waliocheza dakika 150 kila mmoja, orodha ya mkono wa kwaheri inakuwa ndefu na mtaani watu wanashtuka, kumbe timu haijaguswa. Urefu wa orodha haumshughulishi. Anatafuta dakika ziliko.

Akishazipata anachora safu ya pili: nani atazifanya kazi hizo. Anaandika kazi, jina la mchezaji linakuja baadaye. Beki wa kati aliyeondoka alikuwa akifanya nini? Alikuwa anaruka mipira ya juu, au alikuwa anaanzisha mashambulizi, au alikuwa ndiye anayewapigia wenzake kelele mstari usipande ovyo? Hizo ni kazi tatu, na mchezaji mpya anaweza kuja na moja tu. Winga aliyeuzwa alikuwa na mabao manne, sawa, lakini nani alikuwa akirudi nyuma kumsaidia beki wa kushoto? Siku moja vijana wa bodaboda walikuwa wakimsifia straika fulani aliyesajiliwa na timu fulani, jitu la miraba minne, kichwa hatari. Mwalimu aliwasikiliza mpaka wakamaliza, akauliza swali moja: "Krosi atapiga nani?" Mawinga wote wawili wa timu ile walikuwa wameachwa wiki iliyotangulia. Kijiwe kizima kimya, halafu kicheko.

Safu ya tatu ni umri, ya nne ni mwisho wa mkataba, na ya tano, ambayo sijaiona kwa mchambuzi yeyote wa redioni, ni tarehe ya kuingia kambini. Mchezaji aliyetambulishwa kwa picha nzuri lakini akafika mazoezini siku nne kabla ya mechi ya kwanza, kwake bado hajasajiliwa. Anamwandika kwa penseli nyepesi. Kalamu ya wino haigusi ukurasa mpaka mechi ya kumi ipite.

Nimeiona sura nyingine ya ufundi huu pale Karume, kwenye majaribio ya vijana. Wanakuja kutoka Butiama, Kiabakari, Bunda, Tarime, wengine viatu wameazima. Unapoanza kutazama unavutwa na mwenye mbwembwe, anayepiga danadana pembeni. Aliyekaa kuchagua hamtazami huyo. Siku niliyokaa karibu naye alikuwa akimtazama beki mmoja mrefu, mwembamba, ambaye kwa dakika ishirini hakuwa amegusa mpira wowote wa maana. Nilidhani anapoteza muda. Baadaye nikafuata macho yake nikaona: kila mpira ulipokuwa upande wa pili wa uwanja, yule kijana aligeuza shingo mara moja kuangalia nyuma ya bega lake, akasogea hatua mbili, akageuza tena. Hakuna aliyemwambia. Mpira ulipokuja kwake hatimaye hakuhitaji kukimbia, alikuwa ameshafika. Mchaguzi aliandika namba ya fulana yake, basi. Mwenye danadana alishangiliwa mpaka mwisho na hakuandikwa.

Timu ya Biashara ya msimu wa 2020/21 ilijengwa na macho ya namna hiyo. Chini ya kocha Mkenya Francis Baraza, na Abdulmajid Mangalo akiwa nguzo ya ulinzi, ilianzia nyuma. Ilimaliza ya nne kwa pointi 50, nyuma ya Simba yenye 83, Yanga yenye 74 na Azam yenye 68. Kwenye Kombe la Shirikisho la Azam ilifika nusu fainali, ikatolewa na Yanga kwa bao moja pale Tabora. Na kwa kuwa mwaka ule Tanzania ilikuwa na nafasi nne za Afrika, nafasi ya nne ilikuwa tiketi: Musoma ilikwenda Kombe la Shirikisho la CAF.

Hapo likaja dirisha ambalo kila anayejifunza kupima usajili angepaswa kulirudia. Ligi ilimalizika katikati ya Julai 2021, na Septemba timu tayari ilikuwa na Dikhil ya Djibouti mbele yake. Katikati hapo, chini ya miezi miwili, klabu isiyo na fedha ililazimika kujipanga kwa mashindano mawili. Baraza alishaondoka kwenda Kagera Sugar, na Mkenya mwenzake Patrick Odhiambo ndiye aliyeshika benchi. Halafu ligi yenyewe ilibadilika umbo: timu nne zilikuwa zimeshuka, mbili zikapanda, zikabaki 16. Mechi zilipungua hadi 30. Kwenye ligi fupi, mwezi mmoja mbaya unakula sehemu kubwa ya msimu, na nafasi ya kujirekebisha ni ndogo.

Dalili za mwanzo zilikuwa nzuri mno. Dikhil ilitolewa. Mwishoni mwa Septemba bingwa Simba alikuja Karume kwa mechi ya ufunguzi, akatoka 0-0, John Bocco akikosa penalti dakika za mwisho. Oktoba, Dar es Salaam, Biashara iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0. Nani angethubutu kusema siku hiyo kwamba usajili haukutosha? Mechi ya marudiano haikuchezwa kabisa. Safari ya Libya ilikwama, timu haikufika, na Al Ahli wakasonga mbele. Kisha dirisha dogo lilipofunguliwa, Yanga walimchukua winga kijana Denis Nkane. Yanga walimaliza msimu wa 2021/22 mabingwa bila kufungwa. Biashara ilishuka daraja, ikiongozana na Mbeya Kwanza.

Rahisi kusema fedha, na fedha ilikuwepo ndani yake, hasa ukikumbuka kwamba 2021 ndio mwaka TFF ilisaini na Azam Media mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6, na klabu ndogo nyingi zikaamini njaa imekwisha. Lakini mimi namfuata mwalimu. Kikosi cha kwanza cha Biashara Oktoba ile kilikuwa cha Ligi Kuu bila ubishi, matokeo yanasema. Kilichokuwa hakijapimwa ni mchezaji wa kumi na tano na wa kumi na nane, wale wanaoingia baada ya safari ndefu, baada ya kadi, baada ya mwenzao kuuzwa. Fundi wa mitumbwi pale Mwigobero haulizi mtumbwi umepakwa rangi gani, anauliza unavuja wapi. Tulihesabu nahodha na kipa na winga, tukaridhika.

Na kumuuza Nkane hakukuwa kosa, hili nalisema dhidi ya marafiki zangu wengi wa Musoma. Kijana wa klabu ndogo akiitwa na Yanga anakwenda, na klabu inayomzuia inapata mchezaji mwenye kinyongo. Ufundi uko katika kujua mwezi wa sita kwamba ataondoka mwezi wa kumi na mbili, na kumwandaa anayefuata kwa dakika kumi kumi za mwisho wa mechi tangu Oktoba. Hiyo ndiyo safu ambayo mwalimu anaiandika pembeni kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo: *akiondoka*. Kila mchezaji mzuri ana jina lingine mbele yake, na kama hakuna jina anaweka kistari. Ukurasa wenye vistari vingi anauita wa hatari hata kama timu inaongoza ligi.

Bunda wenyewe walipata nafasi ya kutumia hesabu hii nyumbani pale Bunda Queens walipopanda Ligi Kuu ya Wanawake msimu wa 2023/24. Msimu ule ligi hiyo ilikuwa na timu 10, mechi 18. Dakika 1,620 kwa nafasi. Mwalimu alifurahi kama mtoto. Hesabu fupi, alisema, inaingia kurasa mbili, na kila kosa linaonekana mapema. Sikumsikia akizungumzia jina lolote kubwa kwa wiki nzima. Alikuwa anauliza kipa wa pili anatoka wapi.

Wanaume wa Musoma nao walikaribia kurudi. Mwaka 2024 Biashara ilifika mchujo wa kugombea nafasi ya Ligi Kuu, ikakwama mbele ya Tabora United.

Basi dirisha lijalo, timu yako yoyote ile, kabla hujampigia makofi anayeshuka uwanja wa ndege na skafu shingoni, chukua karatasi. Andika walioondoka na dakika zao. Mbele ya kila mmoja andika kazi aliyokuwa akiifanya na nani ataifanya sasa. Dirisha la Biashara la 2021 ukilipima hivyo linapata alama nzuri kwa wachezaji 11 na mbovu kwa 25, na ligi huchezwa na 25.