Mstari mdogo wa "natation": mzazi analipa nini kwa kweli?

Mwaka wa masomo ukianza, skuli fulani za kulipa za mijini kwetu zinatuma kominike kwa wazazi. Juu kuna minervali, katikati kuna uniforme na madaftari, na chini kabisa kuna mstari mdogo: "natation", pamoja na idadi ya dola. Mzazi anaguna kidogo, kisha analipa. Leo nataka tuhakiki ule mstari mdogo sawa vile watu wanahakiki kitabu ao filme: unaahidi nini, unatoa nini, na nani anaachwa inje.

Niseme mapema: sipingi kuogelea. Mtu wa Goma, Bukavu, Kalehe, Idjwi, Uvira ao Kalemie anaishi mbele ya maji. Kufundisha mtoto asizame ni kazi ya maana kuliko masomo mengine mengi tuliyokariri bila kuyatumia. Ninachopinga ni bei isiyoelezwa, na somo la kuokoa maisha linalogeuzwa kuwa pambo la skuli.

Sisi wa agronomie tumefunzwa kitu kimoja cha kawaida: usiangalie tu bei ya mbolea, angalia shamba limetoa kilo ngapi. Tufanye vile na pisine. Nachukua mfano wa mahesabu tu, kila mtu aweke namba za skuli yake. Tuseme skuli inaomba dola 45 kwa trimestre. Trimestre ina juma 12 hivi. Toa juma la mwanzo, juma la mitihani na siku za mapumziko: yanabaki masomo 9. Kila somo ni dola 5.

Sasa ingia ndani ya lile somo. Saa moja ku pisine ya hoteli. Dakika 10 watoto wanavaa mayo, dakika 10 za mwisho wanajipangusa na kutafuta viatu. Zinabaki dakika 40. Darasa lina watoto 40, monitere ni mmoja. Maana yake kila mtoto anapata dakika 1 ya macho na mikono ya monitere. Masomo 9, dakika 9. Mzazi ametoa dola 45 kwa dakika 9, na zile dakika zingine mtoto ameshika ukingo wa pisine anatetemeka, ao anarushiana maji na wenzake. Si vibaya kucheza, lakini mchezo si natation, na bei yake haipaswi kuwa ileile.

Watu watasema: feza haiendi yote kwa monitere. Ni kweli. Kuna bisi, kuna mafuta, kuna kiingilio cha pisine. Pisine yenyewe ni ghali kutunza: klore, pampu, umeme, na umeme ukikatika, jenereta. Basi waandike. Mzazi akiona kwamba sehemu kubwa ya feza yake inakula bisi na hoteli, anaweza kuuliza swali la akili: kwa nini tusikodi kwa siku chache zilizofuatana, vikundi vidogo, monitere wawili, badala ya kubeba darasa zima kila juma? Kominike yenye mstari mmoja inaficha swali hilo. Njo maana mstari unabaki mmoja.

Tuone sasa ahadi. Uingereza, programu ya masomo inasema mtoto akimaliza skuli ya msingi anapaswa kuogelea metre 25 bila shida, kujua mitindo mbalimbali ya kuogelea, na kujiokoa mwenyewe akiwa ndani ya maji. Hiyo ni ahadi inayopimika: mtoto amefika metre 25 ao hajafika. Kwetu mtoto analipiwa miaka mitatu, minne, na hakuna anayejua lini atakuwa "amejua". Ku bulteni kuna pointi za éducation physique, basi. Ningekuwa nauza mbegu bila kusema zinaota kwa kiasi gani, mkulima angenirudishia mfuko.

Kwa upande wa malipo pia kuna la kujifunza kule. Sheria yao ya elimu ya mwaka 1996 inakataza skuli za serikali kulipisha masomo yanayofanyika ndani ya saa za masomo, na kuogelea ni mojawapo. Skuli inaweza kuomba mchango wa hiari, lakini mtoto ambaye wazazi wake hawakutoa hawezi kuachwa inje ya somo. Sisemi kule hakuna shida. Bisi na pisine ni ghali hata kwao, na ule mchango wa hiari unawasumbua wazazi wa hali ya chini. Lakini msingi wao uko wazi: mtoto asilipie haya ya mfuko wa baba yake.

Kwetu, Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika skuli za serikali, na tangu mwaka wa masomo wa 2019-2020 serikali ilianza kuitekeleza. Skuli za binafsi haziko ndani ya mpango huo, zina haki ya kulipisha. Sawa. Lakini kama somo limewekwa ku ratiba ya darasa zima, siku ya kazi, saa 4 asubuhi, haliko tena jambo la anayependa. Mtoto ambaye hajalipiwa anapelekwa wapi saa hiyo? Mara nyingi anabaki darasani na daftari, ao anapanda bisi na wenzake halafu anakaa ku banc akilinda nguo zao. Huyo naye amepata somo siku hiyo, lakini si la kuogelea. Amefundishwa nafasi yake.

Na kuna jambo zito zaidi. Shirika la afya la dunia, OMS, linahesabu kwamba mwaka 2021 watu karibu 300.000 walikufa kwa kuzama duniani. Zaidi ya 9 kwa kila 10 ni wa inchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu robo ni watoto wasiofika miaka 5. Wenye kuzama si wale wanaopelekwa hotelini na bisi. Ni mtoto anayechota maji ziwani, kijana anayetoka usiku kuvua sambaza, mama anayevuka na magunia yake kwenda soko.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi ilizama karibu na mwalo wa Kituku, Goma. Ilitoka Minova, imejaa kupita kiasi, wakati vita ilikuwa imekata barabara na watu hawakuwa na njia nyingine isipokuwa ziwa. Makumi ya watu walikufa, ng'ambo ikionekana kwa macho. Kujua kuogelea peke yake hakungewaokoa wote: kulihitajika jile, kulihitajika mtu wa kukataza boti isipakie vile. Lakini siku kama ile, anayejua kuelea na kutulia dakika chache ana nafasi ambayo mwingine hana. Nafasi hiyo, sisi tunaiuza kwa trimestre, mjini, kwa wale ambao hatari iko mbali nao.

Je, inawezekana bila pisine? Bangladesh walijaribu. Ni inchi ya vidimbwi na mito, watoto wengi wanazama hatua chache kutoka nyumbani. Kule walijenga vijukwaa vya mianzi ndani ya vidimbwi vya kijiji, wakafundisha vijana wa palepale kuwa moniteres, na watoto wakajifunza kuogelea metre 25 na kuokoa mwenzao bila wao wenyewe kuzama. Hakuna klore, hakuna bisi. OMS leo inashauri watoto wa umri wa skuli wafundishwe hivyo.

Hapa kama mtu wa ardhi na maji naongeza angalisho. Msichukue kidimbwi chochote cha tilapia mkatupa watoto ndani. Kidimbwi tunachokirutubisha na samadi ni kizuri kwa samaki, si kwa mdomo wa mtoto, na maji yaliyotuama yenye konokono yanaweza kuleta bilharzia. Na ku ziwa Kivu, kando ya Goma, kuna fasi zenye mazuku, ile hewa nzito ya volkano inayoua mtu bila harufu. Fasi hizo ziepukwe kwa kuuliza wenye kuzipima. Lakini kipande cha pwani kilichochunguzwa, maji ya kifuani kwa mtoto, miti imechomekwa, kamba imezungushwa, na watoto 8 kwa monitere mmoja: hiyo haihitaji hoteli. Inahitaji mvuvi anayejua maji, mwalimu anayejua watoto, na komite inayokubali kujibu kwa ajili ya usalama wao.

Basi tufanye nini? Wengi wetu ni wazazi wapya, ni walimu, ao tuna wadogo zetu tunaowalipia. Kila skuli ina komite ya wazazi, COPA. Kwenye mkutano wa kwanza, mtu anyanyue mkono na kuomba mambo matatu yaandikwe pembeni ya ule mstari mdogo. Moja, kila somo ni bei gani, na feza inaenda wapi. Mbili, watoto wangapi kwa monitere mmoja. Tatu, mwisho wa mwaka mtoto atakuwa anaweza kufanya nini ndani ya maji, na nani atampima. Skuli inayofanya kazi vizuri haitakasirika, itapata nafasi ya kujionyesha. Ile itakayokasirika imekwisha kujibu.

Na kama somo linabaki ndani ya saa za masomo, ombi la nne: mtoto asiyelipiwa aingie majini pamoja na wengine, gharama yake igawanywe. Kwa mahesabu yangu ya juu, darasa la watoto 40 likibeba wawili wasio na uwezo, kila mwingine anaongeza karibu dola 2 na nusu kwa trimestre nzima. Tumekwisha kuchanga zaidi ya hapo kwa harusi za watu tusiowajua vizuri.